Barua ya wazi kwa mnaopanga ada za leseni za walinzi: hilo punguzo mnampa nani?

Waheshimiwa mnaokaa kwenye meza ya kupanga ada za leseni za ulinzi binafsi, shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na wengine poleni na kazi.

Naandika hii saa kumi kasoro robo usiku niko lindo, simu ina chaji asilimia 31, kitabu cha matukio kiko hapa pembeni na mstari wa mwisho nilioandika unasema "saa tisa na nusu, hali shwari". Nikikosea herufi mnivumilie, nainuka kila baada ya muda kwenda kuangalia geti la nyuma alafu narudi kuendelea. Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi, sio polisi sio mwanajeshi, ni yule jamaa anayewanyanyulia kizuizi asubuhi mnapita na kioo kimepandishwa, na siwalaumu, mvua ikinyesha hata mimi nisingeshusha.

Nina jambo moja na litazunguka kidogo kabla halijafika, mlinzi amezoea kuzunguka. Jambo lenyewe ni punguzo. Kila mkitangaza ada mpya hua kuna kamstari chini kwamba punguzo litakuwepo kwa utaratibu maalum, watu wanapiga makofi, na mimi miaka yote hii ya kazi sijawahi kulionja hata mara moja. Nilikuwa najiuliza linaenda wapi. Siku hizi sijiulizi tena, najua linapokwenda, na ndo mana naandika.

Ila kwanza nisieleweke vibaya, leseni siipingi. Watu wakisikia mlinzi analalamikia ada wanadhani anataka turudi enzi za kuokota mtu yeyote barabarani, anavalishwa sare kubwa kuliko yeye anapewa kirungu na filimbi, tayari ni mlinzi. Hapana jamani, hao sisi ndo tuliokuwa tunaumia nao. Niliwahi kupangwa lindo moja na mtu ambaye hata jina lake la kweli silijui mpaka leo, saa nane usiku akaniaga anaenda kujisaidia hakurudi, na betri za jenereta nazo hazikuonekana tena. Aliyelala ndani akiandika maelezo ni nani? Ni mimi. Kwa hiyo sheria zilipoanza kuja wengine tulishangilia kimoyomoyo. Uingereza walitunga ya kwao 2001 na mamlaka yao ikaanza kazi 2003, sababu mojawapo ni kwamba milango ya kumbi za starehe ilikuwa imeshikwa na magenge, anayesimama mlangoni ndo anaamua nani auze madawa ndani. Afrika Kusini mwaka huo huo 2001 nao wakaja na sheria Na. 56, na wao walinzi wa kampuni walioko kazini wanapita nusu milioni, ni wengi kuliko polisi wao. Kenya wakafuata 2016 na sheria Na. 13. Maneno yanatofautiana ila wazo ni lile lile, mtu anayekabidhiwa funguo za watu lazima ajulikane ni nani, katokea wapi, ana rekodi gani. Safi kabisa. Sasa kumjua huyo mtu kuna gharama, na gharama lazima mtu ailipe, na hapo ndo pananishinda kuelewa. Mwenye jengo analala usingizi, kampuni inaandika kwenye tenda kwamba walinzi wake wote wana leseni na inaongeza bei kwa sababu hiyo, nyie mnapata takwimu za kupeleka juu, alafu bili inakuja kwangu mimi niliyeshika tochi.

Nyie mnapima ada kwa hela. Mimi naipima kwa usiku. Leseni yangu ya kwanza niliipata kwa mkopo wa shemeji, na nilipopata kazi nikawa namlipa kidogo kidogo, nilipomaliza nikapiga hesabu nikakuta imekula usiku tisa. Yani nilisimama usiku tisa, masaa kumi na mbili kila usiku, mbu wangu baridi yangu, kulipia ruhusa ya kusimama usiku wa kumi. Na hapo ni ada peke yake. Mafunzo yalikula zaidi ya hapo, kuna picha, kuna cheti cha daktari, kuna alama za vidole, kuna nauli ya kwenda mara tatu kwa sababu mara ya kwanza mtandao uko chini, mara ya pili mwenye muhuri hajaja. Hizo zote kwenye tangazo lenu hazimo, tangazo linasema ada ni kiasi fulani tu basi. Na sio kwetu tu, jimbo la New York kule Marekani ada ya kujiandikisha kuwa mlinzi ni dola 36, ukisikia hivyo unasema mbona rahisi, kumbe alama za vidole zinalipiwa kando na hizo peke yake zinaizidi hiyo ada mbali sana, alafu una masaa 8 ya mafunzo kabla hujapangwa popote na 16 mengine ukiwa kazini ndani ya siku 90. Kwa hiyo mkisema ada ni ndogo, semeni ada pamoja na ndugu zake wote anaokuja nao.

Haya, punguzo sasa.

Miaka minne iliyopita kampuni niliyokuwa nayo (siitaji jina, nina watoto) ilitukusanya uwanjani asubuhi wakati wa kupokezana zamu, mwenye cheo akapanda kwenye ngazi akasema kampuni imeona tunahangaika, imeamua itatulipia leseni wote kwa pamoja, hakuna kupanga foleni hakuna kuomba ruhusa, sisi tutakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kwa miezi sita. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote mana nilikuwa ndo nimetoka kuuguza na sikuwa na kitu. Fomu zikajazwa siku mbili, tulikuwa watu mia na kitu, tukapigwa picha tumepanga mstari kama darasa, na kweli leseni zilikuja haraka, kwenye hilo siwezi kuwanyima haki yao.

Miezi sita tukakatwa, kila mtu ada kamili mpaka senti ya mwisho. Deni ni deni, hakuna aliyelalamika. Sasa kampuni ya ulinzi haiajiri kampuni nyingine kuilinda, makao makuu yanalindwa na sisi wenyewe, na mwenzetu aliyekuwa na zamu ya pale kazi yake mojawapo ni kuzunguka ofisini usiku kuzima taa na kufunga madirisha. Kwenye meza ya uhasibu kulikuwa na risiti imelala chali. Hakuigusa, na nasisitiza hakuigusa, aliisoma tu akiwa amesimama na tochi yake. Malipo ya leseni, idadi ya waombaji, jumla kuu, alafu chini kidogo: punguzo la maombi ya pamoja. Akapiga hesabu kwenye simu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Kampuni ililipa robo tatu kwa kila kichwa. Sisi tulikatwa nzima.

Robo ya kila mtu mara watu mia na kitu, kwa hesabu zangu ni zaidi ya usiku mia mbili. Zaidi ya usiku mia mbili za watu kusimama nje, zimeingia kwenye mfuko wa mtu aliyekuwa amelala, na kwenye karatasi zenu hizo zimeandikwa kwamba ni nafuu mliyompa mlinzi. Tulipouliza kwa upole tukajibiwa ni gharama za usumbufu. Mmoja akauliza kwa sauti kidogo, wiki iliyofuata akahamishiwa lindo la mbali la kupanda magari mawili. Basi tukanyamaza.

Nikahama. Kampuni ya pili utaratibu wao mwingine, wanakulipia leseni kweli ila unasaini kwamba ukiondoka kabla ya miaka miwili unarudisha yote. Yote yani yote, hata kama leseni imebaki na mwezi mmoja. Kuna kijana alipata kazi nzuri sehemu nyingine akashindwa kwenda, alikaa miezi minane akisubiri tarehe ipite kama mtu anayesubiri kifungo kiishe. Hapo leseni ambayo ina jina lake, picha yake na vidole vyake ikawa kamba ya kumfungia. Sheria inasema leseni ni ya mtu, sio ya kampuni, lakini anayeshika risiti ndo anayeishika.

Mimi sio mwanasheria, ila nimesoma kidogo usiku huu na usiku mwingine kama huu. Kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 95 wa mwaka 1949 kuhusu kulinda mishahara, kifungu cha 9 kinakataza mfanyakazi kukatwa mshahara kumlipa mwajiri au wakala ili apate kazi au abaki kazini. Najua mtaniambia ada ya leseni inaenda serikalini sio kwa mwajiri, kwa hiyo haihusiki. Nakubali, ile sehemu iliyofika kwenu. Na ile robo iliyoishia njiani je? Hiyo haikufika serikalini, ilikatwa kwenye mshahara wangu ikabaki kwa mwajiri, na nilikatwa ili niendelee kuwa kazini. Naomba mwanasheria wenu aniambie hiyo inaitwaje.

Naelewa kwa nini mliweka punguzo la maombi ya pamoja, sio kwamba sina akili. Kampuni ikileta fomu mia zimejazwa vizuri, malipo mara moja, mtu mmoja wa kuongea naye, kwenu kazi inapungua, karani wenu hapambani na watu mia wenye maswali mia. Hiyo gharama iliyookolewa ni ya kweli na ni haki irudi kwa mtu. Tunachogombana ni mtu gani. Mnaipa kampuni mkiamini itaishusha kwa mlinzi, na mimi nawaambia kutoka huku chini haishuki, inakauka katikati. Wakati huo huo yule anayejilipia mwenyewe, mwanamke anayelinda shule usiku akiwa na mkataba wa miezi mitatu mitatu, au kijana ambaye hajapata kampuni bado na anaambiwa lete leseni kwanza ndo tukuajiri, huyo anakuja peke yake dirishani analipa bei nzima. Yani aliyenacho mnampunguzia, asiye nacho anamaliza bei. Sidhani mlikaa mkapanga iwe hivyo, nadhani hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili na mengine yote ni madogo: punguzo limfuate mtu, lisifuate kampuni. Na hii haihitaji sheria mpya wala semina ya siku tatu hotelini. Mlinzi yeyote leseni yake ikilipiwa, na mtu yeyote yule, atumiwe ujumbe kwenye simu yake yeye: leseni yako imelipiwa kiasi hiki, baada ya punguzo la kiasi hiki. Basi. Namba zetu mnazo, mnatutumia ujumbe wa kutukumbusha leseni inaisha, huo mwingine unawashinda nini? Siku mlinzi akiona kampuni imelipa robo tatu na mshahara umekatwa nzima atajua pa kuanzia, na kampuni nayo ikijua kwamba anajua itapunguza yenyewe, hata hamtahitaji kumtuma mkaguzi. Nusu ya matatizo yetu yanakaa kwenye karatasi ambazo hatuonyeshwi.

Alafu kuna hili la kuhuisha. Mara ya kwanza mnanichunguza, mnatafuta rekodi zangu, mnachukua vidole, mnaniingiza kwenye mfumo, ni kazi na nalipia sawa. Baada ya muda nakuja kuhuisha, vidole ni vile vile, sura ni ile ile imezeeka kidogo, jina lipo kwenye mfumo, kilichobaki ni kuangalia kama nimefanya kosa hapo katikati. Na ada ni ile ile. Kwa nini? Fundi akija kukutengenezea bomba mara ya pili hakuuzii bomba zima upya. Na hapa ndo kwenye punguzo ambalo lingegusa watu wengi kuliko yote, mana kila mlinzi anayedumu kazini anahuisha, na anayedumu ndo mnayemtaka. Mnalalamika kila mkutano kwamba walinzi hawakai, wanaacha, wazoefu wanapotea, alafu mlinzi wa miaka kumi na wa jana mnawatoza sawa, hakuna hata dalili kwamba mmeona amekaa.

Na kuhuisha kwenyewe kuna mtego. Kwetu ukihuisha mapema siku zilizobaki zinapotea, leseni mpya inaanza kuhesabu siku hiyo hiyo, kwa hiyo kila mtu anasubiri dakika za mwisho ili asitupe hela. Dakika za mwisho ofisi zenu zinafurika, zikifurika mnachelewa, mkichelewa leseni yangu inaisha kabla mpya haijaja, na siku inapoisha kampuni inaniambia kaa nyumbani. Nilikaa wiki tano. Wiki tano bila mshahara wakati ada nimeshalipa na fomu iko mezani kwenu, na kosa langu ni kwamba sikutaka kupoteza siku nilizokwisha zilipia. Na siwezi kujificha nikafanya kazi hivyo hivyo, Uingereza ukikamatwa unalinda bila leseni unaweza kufungwa mpaka miezi sita na faini juu, sehemu nyingine nazo hazichezi. Lakini hao hao Uingereza wamelitatua hili kirahisi mpaka unaona aibu, leseni zao za watu wa mstari wa mbele ni za miaka mitatu, unaruhusiwa kuhuisha kuanzia miezi minne kabla haijaisha, na siku zilizobaki wanakuongezea kwenye mpya. Hakuna anayepoteza kwa hiyo hakuna anayesubiri. Nakilini tu, hawatawadai.

Leseni ya pili nayo. Mimi nina ya kulinda majengo, nikataka na ya kukaa chumba cha kamera mana magoti yameanza kusema. Nikaambiwa ombi jipya, uchunguzi mpya, ada kamili. Uchunguzi mpya wa nini? Ni mimi yule yule mliyenichunguza juzi, au mkono wa kushika tochi na mkono wa kushika kipanya ni wa watu wawili? Huko Uingereza ya pili ni nusu bei, na aliye na leseni ya kusimama mlangoni kwenye kumbi anaruhusiwa kulinda majengo kwa hiyo hiyo bila kuongeza nyingine. Ukiwafanya walinzi wapate kazi mbili tofauti kwa ada nafuu hata mtu akizeeka au akiumia anahamia kwenye kiti badala ya kuachishwa. Sisi tunaachishwa.

Kuna punguzo lingine nalisikia linapendekezwa, la wanajeshi waliostaafu. Florida wanalo, aliyetoka jeshini kwa heshima akiomba mapema anasamehewa ada ya leseni ya kwanza. Sina ubaya nalo, nimefanya kazi na wazee wa jeshi, ni watu wa kuamka saa kumi na kukagua viatu vyako kabla ya vyao. Ila wengi wa hao wazee wana pensheni. Kama fungu la kusamehe ada ni dogo na lazima mchague, mtazameni na yule anayeanza kabisa ambaye hana kitu, mana kwake ada ndo ukuta. Mwanajeshi ukuta huo anauruka.

Na mwingine atasema mlinzi adai nafuu ya kodi, baadhi ya nchi ukilipa leseni kutoka mfukoni unaweza kudai unafuu kwenye kodi yako ya mapato. Ni wazo zuri la mtu mwenye mshahara mkubwa. Anayepata kidogo mpaka hafikii kiwango cha kukatwa kodi, utampa unafuu wa kodi gani? Ni kama kumpa mtu asiye na meno kuponi ya mhogo mbichi.

Najua jibu lenu mnalo tayari nililisikia kwenye redio, kwamba mamlaka inajiendesha kwa ada, haipati ruzuku, mkipunguza huku shimo linatokea kule. Nawaamini. Lakini kujiendesha kwa ada haimaanishi ada haishuki, mamlaka ya Uingereza nayo inajiendesha kwa ada na walishusha kutoka pauni 245 kwenda 220 mwaka 2012, na 2020 ikawa 190, na ofisi haikufungwa. Walinzi wakiongezeka na mambo mengi yakifanyika mtandaoni gharama ya kila kichwa inatakiwa ishuke, kama kwenu haishuki tuonyesheni hesabu tujue inakwama wapi. Na kama kweli kuna shimo, lizibeni juu kabla hamjaja chini. Kampuni nayo ina leseni yake ya kufanya biashara, ipandisheni kidogo hiyo kulingana na idadi ya walinzi ilionao, anayeingiza faida kwa vichwa mia tano achangie kwa vichwa mia tano. Watapiga kelele kwamba wataongeza bei kwa wateja. Waongeze! Mwenye jengo ndo analindwa, na akigawa kwa mwezi hataona hata tofauti, mimi usiku tisa naziona zote moja moja.

Nimesimama hapa nikaenda kuzunguka, nimerudi, geti liko salama, kuna paka tu.

Madogo yaliyobaki niyaseme haraka. Ruhusuni kulipa kwa awamu moja kwa moja kwenu, tatu au nne, isiwe lazima kupitia kampuni wala kwa shemeji, mana ile njia ya kukatwa na kampuni tunaifuata kwa sababu hatuna nyingine, mkitupa nyingine hata ujanja wa robo utakufa wenyewe. Mtu akihama kampuni asilipishwe kubadilisha jina la mwajiri kwenye mfumo, ni kubonyeza tu. Fomu ikikosewa na karani wenu ada isipotee, ikipotea kwa kosa langu sawa nitavumilia. Na katazo la kampuni kudai ada nzima mlinzi anapoondoka liwekeni kwenye masharti ya leseni ya kampuni, kwamba kama mnadai basi mdai ya miezi iliyobaki tu, na sio zaidi ya kile mlicholipa kweli baada ya punguzo. Haya sio ya bunge, haya ni ya waraka wa kurasa mbili.

Wenzangu watakaosoma, najua wengine mtasema huyu anajitafutia kufukuzwa. Inawezekana. Ndo mana kampuni sijaitaja wala lindo sijalitaja, na mwenzetu wa risiti ameshaacha kazi siku nyingi anauza mitumba na anaendelea vizuri kuliko sisi. Kama na nyie mlikatwa namna hiyo tafuteni karatasi zenu za mshahara msizitupe, andikeni tarehe mlizokatwa na kiasi, hata kwenye daftari la mtoto. Sisi ni watu wa kuandika matukio kila nusu saa, tunaandika gari limeingia gari limetoka, ila la kwetu wenyewe hatuandiki.

Waheshimiwa, leseni yangu imebaki na siku 41. Nikitoka zamu saa kumi na mbili napitia ofisini kwenu moja kwa moja na sare yangu hii, siwezi kusubiri dakika za mwisho tena hata kama nitapoteza hizo siku, wiki tano zile zilinifunza. Kwenye fomu kuna sehemu inauliza "malipo yanafanywa na", kuna visanduku viwili, mwajiri na mwombaji. Nitaweka tiki kwa mwombaji. Nimeshahesabu, safari hii ni usiku kumi na moja.

Mkiwa na jibu msihangaike kunitafuta, bandikeni kwenye ule ubao wa matangazo pembeni ya mashine ya alama za vidole. Tunakaa pale masaa mengi, tutasoma wote.

Ni mimi,
mlinzi wa zamu ya usiku, leseni hai bado